Roboti yenye umbo la mtu nyumbani: mambo ya kupanga kabla haijavuka kizingiti

Roboti zenye umbo la binadamu sasa zinauzwa kwa familia. Oktoba 2025 kampuni ya 1X ilianza kupokea oda za NEO, roboti ya kazi za ndani, kwa dola 20,000 au dola 499 kwa mwezi. Mwaka huohuo Unitree ya China ilitangaza R1 kwa dola 5,900, bei ambayo haiko mbali na ya gari dogo lililotumika. Kuna familia Mbeya, Iringa na Njombe zitakazonunua, na nyingine zitatumiwa na ndugu walioko nje. Mwongozo huu unahusu maswali matatu ya kujibu kabla boksi halijafunguliwa: nani ataweza kuisimamisha, nani ataona kupitia macho yake, na nani ataumia kwa kuwepo kwake.

Kikao kwanza

Kaeni wote: wazazi, watoto wenye umri wa kuelewa, bibi au babu anayeishi hapo, na dada wa kazi. Dada ndiye atakayeshinda na mashine hiyo kutwa, na kamera zitamwona yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Aulizwe pembeni, na mtu anayemwamini, kwa sababu mbele ya mwajiri atasema "hamna shida" hata kama ipo. Mweleze wazi kwamba inarekodi picha na sauti, kwamba picha hizo huweza kwenda nje ya nchi, na kwamba hatakatwa mshahara wala kufokewa kwa kilichoonekana humo. Roboti isigeuzwe mnyapara.

Mabinti wengi wa Iringa na Njombe wanaishi kwa kazi za ndani na kutuma fedha kijijini. Kama mnafikiria kumwachisha dada kazi kwa sababu ya mashine, ngojeni angalau miezi sita. Mashine za sasa bado hukwama kwenye kazi nyingi ambazo yeye huzimaliza bila kuelekezwa. Mkifikia uamuzi huo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu: anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28, na aliyetimiza mwaka hupata kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi, isizidi miaka 10.

Macho ya nani?

Hapa ndipo wanunuzi wengi hawaulizi. Roboti ikishindwa kazi, kampuni inaweza kumweka mfanyakazi wake aiendeshe kutoka mbali huku akitazama kupitia kamera zake. 1X wanasema wazi kwamba NEO inaweza kuendeshwa hivyo, na kwamba mwenye nyumba hutoa ruhusa kwanza, huweza kuficha sura za watu na kuweka vyumba vya marufuku. Tumieni vizuizi hivyo vyote, lakini msitegemee hivyo tu. Mwaka 2022 jarida la MIT Technology Review lilionyesha picha zilizopigwa mwaka 2020 na roboti za majaribio za kufagia, mojawapo ya mwanamke akiwa chooni; wafanyakazi waliolipwa kuzichambua walikuwa wamezisambaza kwenye mitandao.

Kwa hiyo fungeni milango. Vyumba vya kulala, bafu, choo na mahali mama ananyonyeshea viwe na komeo, si alama ya kwenye programu tu. Jumuiya au kikoba kikikutana sebuleni, au kukiwa na msiba, roboti izimwe na kutolewa nje ya chumba. Kitenge kichwani kinaziba kamera, hakizibi maikrofoni. Kama betri yake inachomoka, ichomoeni na muiweke mezani wageni waione.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti na ina masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Muulizeni muuzaji kwa maandishi: picha zinahifadhiwa nchi gani, kwa muda gani, na zinafutwaje? Akikwepa swali, msinunue. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kisha fanyeni jaribio hili:

1. Wekeni roboti kwenye Wi-Fi yake peke yake, tofauti na ya simu na kompyuta zenu. Badilisheni nywila iliyokuja na ruta.
2. Jioni, iacheni imewashwa lakini imekaa bila kazi. Andikeni data iliyotumika hadi hapo.
3. Asubuhi angalieni tena. Megabaiti chache ni kawaida. Video ya kawaida hula karibu GB 1 kwa saa, hivyo mkikuta gigabaiti zimeondoka, huenda kuna picha zinatumwa mkiwa mmelala.
4. Zimeni ruta kabisa na mwone kinachobaki kufanya kazi.

Msipuuze sasisho za programu. Septemba 2025 watafiti walitangaza udhaifu kwenye Bluetooth ya roboti kadhaa za Unitree, ikiwemo G1, uliomwezesha mtu aliye karibu kuitwaa roboti nzima.

Hatua ya nne, ya kuzima ruta, inaonyesha pia roboti itabaki na uwezo gani kampuni yake ikifungwa. Desemba 2024 kampuni ya Embodied, iliyouza roboti ya watoto iitwayo Moxie kwa dola 799, ilitangaza kufungwa, na wazazi wakalazimika kuwaeleza watoto kwa nini rafiki yao angenyamaza. Mtoto ajue tangu siku ya kwanza kwamba hii ni mashine ya kampuni fulani na inaweza kuzimwa huko ilikotoka.

Kuisimamisha

Mashine hizi zina kilo 25 hadi 35. Kuchomoa waya ukutani hakusaidii, maana inatembea kwa betri. Na ikizimwa ghafla ikiwa imesimama, miguu inalegea na mwili wote unaanguka. Utaratibu ni huu: ondoa mtoto kwanza, rudi nyuma umbali unaozidi urefu wa roboti, ndipo ubonyeze kitufe cha dharura kwenye rimoti. Usiidake, viungo vya goti na kiwiko hubana vidole.

Kila mtu wa nyumbani ajaribiwe kuisimamisha kabla hujahesabu tatu. Bibi anayezungumza Kinyakyusa au Kihehe hataeleweka na mashine, na hata Kiswahili nyingi hazikijui vizuri. Basi apewe rimoti mkononi na afundishwe kitufe kimoja tu. Asiyeweza kuisimamisha asiachwe nayo peke yake, awe mtoto au mzee.

Sakafu nyekundu iliyosuguliwa nta, zulia linaloteleza, kizingiti na ngazi ya veranda ndivyo vinavyoiangusha. Juni na Julai wengine huingiza jiko la mkaa ndani kwa ajili ya baridi, jambo la hatari hata bila roboti kwa sababu ya hewa ya sumu. Jiko likiwa ndani, roboti izimwe.

Watoto na adabu

Msimfundishe mtoto kuiamkia roboti shikamoo, na zimeni uwezo wake wa kuitikia marahaba. Shikamoo ni heshima ya umri, na mashine haina umri wa kuheshimiwa. Isiitwe dada wala bibi. Lakini asiruhusiwe kuipiga teke wala kuitukana, kwa sababu mdomo uliozoea "wewe, lete maji!" hautachelewa kumwambia dada wa kazi hivyohivyo. "Naomba" ibaki. Na mtoto akitaka kusimulia kilichompata shuleni, amsimulie mtu.

Umeme na betri

Chajini mchana, watu wakiwa macho, mbali na mlango wa kutokea. Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, chomoeni chaja radi zinapoanza, na tumieni stabilaiza. Betri ya lithiamu isichajiwe chini ya nyuzijoto 0: Makete, kwenye stoo ya mabati asubuhi ya Julai, iingizeni ndani ipate joto kwanza.

Mkiiuza, futeni kumbukumbu yote na mtoe akaunti zenu mbele ya mnunuzi. Betri iliyovimba isitupwe jalalani wala kutobolewa, inaweza kuwaka. Iwekeni nje kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu mpaka muuzaji aichukue, na sharti hilo la kuichukua liandikwe kwenye risiti siku ya kununua.