Unataka kuandika historia ya kijiji cha kiwanda cha mbao? Lifuate gogo

Huku Tanga vijiji vilivyozaliwa na mbao ni vingi kuliko watu wanavyodhani, panda Lushoto mpaka Shume, au pita Muheza utokee Sigi na Kwamkoro, utasikia habari za viwanda na kambi za magogo ambazo leo zimebaki msingi wa saruji, vyuma vilivyoota kutu na wazee wawili watatu wanaojua kila kitu. Na wazee hawakai milele, kwahiyo kama una nia anza sasa.

Wengi wanaanza na swali la "kiwanda kilijengwa na nani, mwaka gani", mzee anajibu "Mzungu mmoja", basi, stori imeishia hapo. Usianze na mwenye mali. Anza na kazi, na njia rahisi ni kulifuata gogo lenyewe, kutoka msituni lilipoangushwa mpaka mbao inapakiwa stesheni, kila hatua unauliza nani alikuwa hapa, alishika nini, alilala wapi, alilipwaje. Mtu ambaye hakumbuki mwaka wowote atakukumbukia msumeno wake vizuri kabisa.

Kabla hujaenda soma kidogo, angalau ujue mifupa ya mambo. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo 1905 na Moshi 1911, na bila hiyo reli mbao za milimani zisingekuwa biashara ya maana. Pale Shume kampuni ya Kijerumani ya Wilkins na Wiese ilikuwa inavuna sedari, Wasambaa wanaiita mwangati, na kabla ya vita ya kwanza ikajengwa njia ya waya ya karibu kilometa 9 kuteremsha mbao toka juu mlimani mpaka stesheni ya Mkumbara, hebu fikiria mbao zinaning'inia hewani juu ya korongo, na sedari nyingine iliishia Ujerumani kuwa penseli za watoto wa shule. Upande wa Muheza kulikuwa na kireli kidogo cha Tengeni mpaka Sigi, nacho kwa ajili ya mbao. Ukitafuta mambo ya enzi hizo intaneti tumia majina ya zamani, Lushoto ilikuwa Wilhelmstal na Shume kule juu waliita Neu-Hornow, ukiandika Shume tu utaletewa bei ya kabichi. Chuo Kikuu cha Frankfurt kimeweka wazi picha nyingi za koloni, na Nyaraka za Taifa pale Dar wana mafaili ya Mjerumani na ya Mwingereza. Picha yoyote utakayopata iprinti kubwa uende nayo. Maelezo ya picha zile mara nyingi yanamtaja Mzungu na mashine, waliobeba gogo hawana majina, sasa hapo ndipo kazi yako ilipo.

Ukifika kijijini usianze kuzungukazunguka na simu unapiga picha, ni maeneo ya msitu haya, watu watajua umetumwa kukamata wapasuaji wa magendo au kupima ardhi yao. Pita kwa mwenyekiti wa kitongoji, jieleze kwa mtendaji, halafu kaa kijiweni unywe kahawa uonekane. Shikamoo kwa kila mkubwa, na usitoe cha kurekodia siku ya kwanza. Siku ya pili omba, "mzee naomba nirekodi nisije nikasahau maneno yako", wengi wanakubali.

Maswali sasa. Anza na shimo la kupasulia, lile ambalo gogo linalazwa juu yake, maana kabla ya mashine na hata wakati wa mashine wapasuaji wa msumeno wa watu wawili walikuwepo. Uliza nani alikuwa juu na nani alikuwa chini, utaona mzee anacheka hapohapo. Wa juu ndiye anafuata mstari na ndiye anajiona fundi, wa chini anavuta na kula vumbi la macho. Mstari wenyewe wanaupiga kwa uzi uliopakwa unga mweusi wa betri mbovu, unavutwa ukakamae kwenye gogo, unanyanyuliwa katikati, unaachiwa, paa! umechora. Mwombe akuonyeshe kwa mikono, usikubali maelezo ya mdomo tu. Toka hapo nenda kwa waliovuta magogo, dereva wa trekta, utingo, halafu mnoa misumeno, huyu mtafute sana maana kiwanda chote kilimtegemea. Vidole vilivyokatika usivishangae wala usivitaje wewe kwanza, subiri mwenyewe aseme.

Wanawake usiwaache mwisho, mimi ningewaweka hata mwanzo. Kiwanda kilipasua mbao lakini kijiji kilijengwa na kupikiwa kwa mabanzi, yaani vipande vya pembeni ya gogo, na pumba za mbao. Muulize mama yeyote wa makamo jiko la pumba linavyopangwa: chupa unaisimamisha katikati ya debe, pembeni tundu la kuingizia kijiti, unashindilia pumba mpaka zikaze, unachomoa chupa taratibu zisiporomoke, maharage yanaiva na jiko bado linawaka. Ukishaongea jiko utaambiwa na nani alikuwa anagombania mabanzi getini, karani gani alikuwa anauza ya bure, nani aliolewa na mgeni wa kambini.

Miaka ni shida, hapo usimbane mtu. Muulize kwa matukio: kabla au baada ya Uhuru, Azimio la Arusha, Operesheni Vijiji, vita ya Amin. Ulikuwa unachunga mbuzi au ulishaoa? Ukipata hivyo wewe mwenyewe utapiga hesabu. Wakitofautiana andika vyote viwili na useme nani kasema nini, usiwe hakimu.

Halafu usikwepe habari ya kufungwa kwa kiwanda. Kule Usambara Mashariki miti ilivunwa kwa mashine kwa nguvu sana miaka ya 1970 na 80, kiwanda cha Sikh Saw Mills cha Tanga kikisaidiwa na Wafini, baadaye uvunaji ule ukasimamishwa na mwaka 1997 ikaja Hifadhi ya Mazingira Amani. Kwa wahifadhi ni ushindi, kwa aliyekuwa anapokea mshahara pale ni siku kazi ilipoisha, na wewe sikiliza wote. Akikutajia mtu anayepasua usiku mpaka leo, hilo jina liache kwenye daftari lako, usichapishe.

Makaburi pia yapitie ukiwa na mwenyeji, na vitabu vya ubatizo vya parokia na usharika, humo wageni waliokuja kazini wanaonekana na makabila yao. Ukimaliza printi nakala, moja ofisi ya kijiji, moja shule ya msingi, na kila mzee uliyemhoji mpelekee kurasa zake umsomee kwa sauti, kama kuna jina umelikosea atakurekebisha palepale kabla hujachapa za mwisho.