Jinsi ya Kupima Dai Kwamba RNA Isiyounda Protini Huongoza Otofajia Katika Saratani za Figo, Kibofu na Tezi Dume

Ukisoma utafiti wenye dai la namna hii, tambua kwanza aina ya RNA inayozungumziwa. MaikroRNA, yenye nyukleotidi zipatazo 22, kwa kawaida hujishikiza kwenye RNA mjumbe (ile inayobeba maelekezo ya kuunda protini) na kupunguza protini inayotokana nayo, ilhali RNA ndefu, zenye nyukleotidi zaidi ya 200, zina njia nyingi za kufanya kazi, ikiwemo kuzinasa maikroRNA zisifikie shabaha zake.

Kisha chunguza jinsi otofajia ilivyopimwa, maana hapa ndipo tafiti nyingi huteleza. Katika otofajia, seli hufunga sehemu zake zilizochakaa ndani ya vifuko, ambavyo huungana na lisosomu, yaani vifuko vya seli vyenye vimeng'enya, ili yaliyomo yameng'enywe. LC3-II ni protini inayokaa kwenye utando wa vifuko hivyo, na inapoongezeka ni rahisi mno kuhitimisha kwamba otofajia imepanda, kumbe vifuko vinaweza kurundikana kwa sababu tu havimeng'enywi. Tafuta basi jaribio ambamo seli zenye RNA hiyo na seli za ulinganisho zote zilipewa bafilomaisini A1 au klorokwini, ambazo huzuia hatua ya mwisho. Linganisha kiasi cha LC3-II kinachoongezeka baada ya dawa katika makundi hayo mawili. Nyongeza hiyo ndiyo kipimo cha mwendo wa otofajia. Jaribio hili lisipokuwepo, mimi hulichukulia dai kuwa dhana tu.

Hatua inayofuata ni kudai ushahidi kwamba RNA hiyo ndiyo inayosababisha mabadiliko. Mfano mzuri ni miR-204, mojawapo ya maikroRNA, katika saratani ya figo ya seli angavu: jeni ya VHL, ambayo mara nyingi huharibika katika saratani hiyo, huongeza miR-204, nayo hupunguza LC3B, protini ambayo LC3-II hutokana nayo; VHL ikipotea, kizuizi hicho hulegea na uvimbe hufaidika na otofajia. Uliza kama watafiti walibadilisha eneo ambapo RNA hiyo hujishikiza kwenye shabaha yake na kuona athari ikitoweka, na kama matokeo yalibaki yaleyale katika seli zilizoondolewa ATG5 au ATG7, jeni zinazohitajika ili otofajia ifanyike. Yakibaki yaleyale, RNA hiyo inapitia njia nyingine.

Mwisho, angalia hatua ya ugonjwa, kwa kuwa otofajia inaweza kuzuia saratani isianze, lakini pia ikausaidia uvimbe uliokwisha kukua kustahimili sisplatini, dawa ya kutibu saratani.