SOMO: Unataka GPU (kadi ya picha) mpya ya simuleta ya ndege? Fungua boksi la kompyuta kwanza

Haya wadau, maswali ya GPU yamekuwa mengi na karibu yote yanaanza na "kaka ninunue ipi", sasa ntaandika hapa moja kwa moja tumalizane. Hii ni ya wale wa Microsoft Flight Simulator, iwe ya 2020 ama ya 2024, na wale wa X-Plane 12. Wa FlightGear endeleeni na raha zenu, ile ni ya bure na haina mambo mengi.

HATUA YA 1: jua nani anakuchelewesha

Simuleta si kama gemu za mpira. Jinsi ndege inavyoruka, saa za kokpiti, trafiki, majengo kupangwa, mengi ya hayo yanapitia kwa prosesa na sanasana kwenye kore moja (sehemu moja tu ya prosesa), ndo maana mtu anaweka kadi ya bei mbaya na fremu (picha kwa sekunde) haziongezeki hata mbili alafu anaanza kumtukana aliyemuuzia. Kwa hivyo pima. Kwa Microsoft washa modi ya divelopa kwenye setingi alafu ufungue kidirisha cha FPS, kitakuandikia kama unazuiwa na MainThread, hiyo ni prosesa, ama na GPU. Kwa X-Plane washa data ya fremu uone muda wa CPU (prosesa) na muda wa GPU, ulio mkubwa ndo mwenye makosa.

Kama hizo menyu zakuchosha, shusha renda skeling (ukubwa wa picha ambayo simuleta inachora) mpaka asilimia 50 hivi. Fremu zikiruka juu basi GPU imelemewa, nunua. Zikibaki palepale, hiyo pesa peleka kwa prosesa na RAM.

Na upime mahali pazito tafadhali. Mtu anapaa HKML, uwanja wa ndege wa hapa Malindi, anafuata ufuo mpaka Manda kule Lamu, anaona fremu 45 anasema mashine iko sawa. Chini yako kuna bahari na mikoko tu, mashine ilemewe na nini? Nenda katue Heathrow, London, na ndege kubwa ya abiria, mawingu yamejaa, trafiki imewashwa, ndo usome namba.

HATUA YA 2: fungua boksi la kompyuta

Hapa ndo wengi wanakwama. Wengi wetu tuna zile Dell OptiPlex na HP za maofisini, eks-UK (mitumba ya Uingereza). Nyingi zina pawa saplai ya wati 240 mpaka 300, hazina waya wa pini 6 wala 8 wa kulisha GPU, na plagi zake mara nyingi si zile za kawaida kwa hivyo huwezi kuchomoa tu ukaweka nyingine, lazima adapta. Zile nyembamba ndo kabisa, zinaingia kadi fupi peke yake.

Kama boksi lako ni hilo, angalia GTX 1650 (wati 75) ama RTX 3050 ya 6GB (wati 70), hizi zinakula stima kwenye sloti yenyewe, ila uangalie vizuri manake kuna GTX 1650 zingine zimewekwa pini 6. Kutoka hapo kwenda juu, RTX 4060 ni wati 115, RX 6600 ni 132, RTX 3060 ni 170, na zote hizo zataka waya wa pini 8 na pawa saplai ya ukweli ya 500 ama 550. Nasema ya ukweli kwa sababu kuna zile zimebandikwa stika ya 600W na ukiibeba utadhani ni boksi la viatu limeachwa tupu.

HATUA YA 3: VRAM kabla ya jina

VRAM ni memori ya kadi yenyewe. Microsoft wenyewe kwa ile ya 2024 wameweka 4GB kama kiwango cha chini, 8GB ndo wanapendekeza, na 12GB kwa anayetaka raha zote. VRAM ikijaa, picha zinamwagikia kwenye RAM ya kawaida ambayo iko polepole, hapo ndo unaona ndege inagandaganda ukikaribia kutua, wakati mbaya kuliko wote.

RTX 4060 ni kali kuliko 3060 lakini ina 8GB tu. Maoni yangu mimi: monita ya 1080p, chukua 4060, pia inatengeneza fremu za katikati yenyewe bila kungojea prosesa, na hilo kwa simuleta ya Microsoft lasaidia sana. Monita ya 1440p na ndege za kununua zenye picha nzito, 3060 ya 12GB, ama 4060 Ti ya 16GB kama mfuko waruhusu. Lakini jihadhari, kuna 3060 ya 8GB pia na boksi linafanana, soma mpaka mwisho.

RX 6500 XT wachana nayo, ni 4GB na inatumia leni 4 pekee (njia za data kwenda kwa madabodi), kwenye madabodi ya zamani inazidi kudhoofika. Intel Arc ni nzuri kwa bei ila zataka Resizable BAR (setingi ya madabodi inayomruhusu prosesa kuifikia VRAM yote), na mashine nyingi za eks-UK hazina.

HATUA YA 4: ya mtumba

Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, ilipoacha kuchimbwa kwa GPU Septemba 2022 kadi nyingi za wachimbaji zilimwagwa sokoni. Si lazima iwe mbovu, ila iwashe nusu saa ikifanya kazi, usikilize feni. Mwambie muuzaji afungue GPU-Z (programu ya kusoma kadi) mbele yako, kadi iliyobadilishwa jina mara nyingi inaandikwa FAKE hapohapo. Akikataa, nenda zako.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Langoni, Lamu: Assalaam aleikum. Mashine naundiwa Mombasa, italetwa kwa basi mpaka Mokowe alafu boti. Niwaambie wafunge GPU kabisa?

Jibu: Waaleikum salaam. Hapana shekhe, ije kando ndani ya boksi lake. Kadi nzito ikitikiswa njia nzima inaweza kuvunja sloti. Na kwa vile uko karibu na maji, usiiweke dirishani upepo wa chumvi unapoingilia, kutu inaanza kwenye bano za nyuma.

Mdau wa Maweni: Ardhi kwangu inakuwa na ukungu ukungu, majengo kama yameyeyuka. 4060 itasafisha?

Jibu: Hiyo ni intaneti dada, si GPU. Ile ya Microsoft inavuta picha za ardhi mtandaoni, ya 2024 yataka 10 Mbps kwa uchache na 50 ndo wanapendekeza. Ongeza kashe (nafasi ya kuweka picha zilizoshavutwa) kwenye SSD. Kama watumia bando la simu afadhali X-Plane, mandhari yake yakaa kwenye diski.

Mdau wa Barani: Stima inapotea kila saa, UPS (betri ya akiba) ya 650VA yatosha na 3060?

Jibu: Nyingi za 650VA ni kama wati 360, yatosha uzime vizuri, si kumalizia safari ya Nairobi. Monita chomeka humohumo, printa usichomeke.

Mdau wa Mkomani: Nina i5 ya kizazi cha 4 na RAM 8GB. Nishatuma deposit ya 4060 😅

Jibu: Uliza kama deposit yarudi 😂 Ikiwa hairudi, chukua kadi uiweke, ila RAM ipande 16 wiki hiihii na uanze kuweka akiba ya madabodi na prosesa ya Ryzen 5 5600, kadi utahama nayo.

Mdau wa Mkomani: Amesema hairudishwi.

Jibu: Basi RAM kwanza. Na hiyo i5 yako madabodi yake yatumia RAM ya aina ya DDR3, usije ukauziwa DDR4.