Somo: Kushika vitabu vya shirika la uhifadhi, kuanzia mkataba wa mfadhili hadi barua ya mkaguzi

Somo hili ni la mhasibu aliyezoea duka, kiwanda au halmashauri, ambaye sasa amepata kazi kwenye shirika la mazingira: misitu, mikoko, wanyamapori au bahari. Debiti na krediti ni zile zile. Kinachobadilika ni swali la kila siku. Dukani unauliza tumepata faida kiasi gani. Huku unauliza hela hii ni ya nani, na mwenyewe alisema ifanye nini. Mifano mingi ni ya Tanzania. Wakenya na Waganda, badilisheni majina ya mamlaka na viwango vya kisheria, mengine yatawafaa.

Hatua ya 1: Soma mkataba kabla ya kufungua leja

Anza na viambatisho, hasa cha bajeti na cha gharama zisizokubalika. Nakili mambo haya kwenye karatasi moja uibandike mbele ya meza yako: tarehe ya kwanza na ya mwisho ya matumizi, asilimia unayoruhusiwa kuhamisha kati ya vifungu bila kuomba kibali, kiwango cha manunuzi kinachodai nukuu tatu za bei, na mali zitakuwa za nani mradi ukiisha. Gari la doria lenye nembo ya shirika lenu mlangoni mara nyingi bado si lenu mpaka mfadhili aandike barua ya kuwakabidhi.

Kisha tenganisha fedha. Zipo za masharti, zilizofungwa kwenye kazi moja. Zipo huru, kama ada za wanachama na michango ya jumla, ambazo hulipa yale yote ambayo hakuna mfadhili anayeyataka. Na yapo mashirika yenye mtaji wa kudumu. Mfano mzuri ni Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki, wenye makao Morogoro, ulioanza kwa mtaji wa GEF (mfuko wa mazingira wa dunia) kupitia Benki ya Dunia: mtaji unawekezwa, na miradi hulipwa kwa kile kinachozaliwa. Ukiwa sehemu kama hiyo na mkubwa akasema "tukope kidogo kwenye mtaji", mfungulie hati ya mfuko, asome mwenyewe.

Kwa Tanzania kumbuka pia kanuni za mwaka 2018: shirika lisilo la kiserikali linalopata zaidi ya shilingi milioni 20 lina wajibu wa kuwasilisha mkataba kwa Msajili wa mashirika hayo na kutangaza fedha hizo hadharani. Hili lisimamie wewe. Watu wa miradi hawatalikumbuka.

Hatua ya 2: Misimbo

Kila muamala ubebe msimbo wa kasma (kifungu cha bajeti), wa mradi na wa mfadhili. Ukitumia programu ya kihasibu, tumia sehemu yake ya miradi. Ukitumia Excel, ongeza safu tatu. Msimbo unaandikwa kwenye hati ya malipo kabla hela haijatoka. Ukiandikwa baada ya malipo, unakuwa mjadala.

Hatua ya 3: Gharama za pamoja

Hapa ndipo mashirika mengi huumia. Tuseme pango la ofisi ni milioni mbili kwa mwezi na mna miradi mitatu. Nani alipe? Jibu la kivivu ni "mwenye hela mwezi huu". Jibu sahihi ni kigezo kilichoandikwa kwenye sera na kufuatwa mwezi hadi mwezi. Kinachokubalika kirahisi ni muda wa wafanyakazi: taimshiti (fomu za saa za kazi) zikionyesha mradi wa kwanza umechukua asilimia 50, wa pili 30 na wa tatu 20, basi pango linagawanywa milioni moja, laki sita na laki nne.

Taimshiti lazima ziwe za kweli. Mkaguzi akikuta ofisa wa misitu ameandika saa nane za mradi wa mikoko siku ile ile ambayo hati ya safari inamwonyesha yuko milima ya Udzungwa, atakataa mwezi mzima, na haki yake. Kosa kubwa zaidi ni kutoza ankara moja kwa wafadhili wawili. Dawa yake ni ya kizamani lakini inafanya kazi: mhuri wenye jina la mradi na kiasi kilichotozwa, unaogongwa juu ya ankara halisi na si kwenye nakala.

Hatua ya 4: Masurufu na marejesho

Uhifadhi haufanyiki mjini. Hela inakwenda msituni mfukoni mwa mtu (hayo ndiyo masurufu), na inarudi ikiwa karatasi (hayo ndiyo marejesho). Weka kanuni chache: hakuna masurufu mapya kabla ya marejesho ya zamani, marejesho ndani ya muda uliotajwa kwenye sera, na salio lirudi benki, lisigeuke deni la kirafiki.

Shida halisi ni risiti. Mwenye mashua hana mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi. Mama aliyewapikia askari wa wanyamapori wa kijiji hana hata kitabu cha risiti. Usimwambie ofisa wako "bila risiti silipi", maana atakuletea risiti ya duka la vifaa vya ujenzi, na hapo umemfundisha kughushi. Tengeneza fomu ya malipo yasiyo na risiti: jina la aliyelipwa, kijiji, simu, kazi aliyofanya, kiasi, sahihi au dole gumba, na shahidi kutoka serikali ya kijiji. Mwombe mfadhili aikubali fomu hiyo kwa maandishi mradi unapoanza. Posho za askari wa doria zilipwe kwa simu kila panapokuwa na mtandao. Orodha ya miamala inaongea vizuri kuliko karatasi ya mahudhurio yenye sahihi ishirini zinazofanana mwandiko.

Mafuta yana somo lake. Chukua daftari la gari uweke kando ya risiti za kituo. Tuseme gari limetembea kilomita 640 na risiti zinasema lita 160: hiyo ni kilomita nne kwa lita. Kama gari hilo kwa barabara zile zile huenda sita au saba, uliza. Inawezekana walivuka matope kwa gia nzito siku nzima. Inawezekana pia dumu moja liliishia kwenye pikipiki ya mtu. Uliza kwa heshima, na uulize kila mara, ili siku moja swali lako lisionekane tuhuma.

Na angalau mara moja kwa msimu panda gari uende nao. Mhasibu aliyepanda mlima na doria hahitaji kuelezwa kwa nini betri za GPS ziliisha.

Hatua ya 5: Kodi na makato

Kuwa shirika lisilo la kiserikali hakukuondolei kodi moja kwa moja. Hadhi ya shirika la hisani inaombwa kwa Kamishna wa TRA. Hata ukiipata, PAYE, yaani kodi ya mishahara ya wafanyakazi, iko pale pale, na ilipwe kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. NSSF ni asilimia 20 kwa jumla, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi asilimia 0.5, na kodi ya zuio kwenye pango asilimia 10. Faini za kuchelewa hakuna mfadhili anayezilipa. Zinakula fedha huru.

Hatua ya 6: Sarafu

Mfadhili anaahidi euro, wewe unalipa shilingi. Mkataba wa euro 100,000 uliopangiwa bajeti kwa 2,800 ukipokewa kwa 2,650, shilingi milioni 15 zimepotea kabla hujanunua hata kalamu. Mwishoni mwa 2024 shilingi ya Tanzania ilipanda ghafla dhidi ya dola, na waliokuwa wamepanga bajeti kwa kiwango cha juu walipunguza semina na doria katikati ya mwaka. Panga kwa kiwango cha chini kidogo ya soko, andika kwenye sera utatumia kiwango gani katika ripoti, na mjulishe mfadhili pengo mapema, si kwenye ripoti ya mwisho.

Hatua ya 7: Funga mwezi

Usuluhisho wa benki, orodha ya masurufu yasiyorejeshwa, matumizi dhidi ya bajeti kwa kila mradi. Kaa na meneja wa mradi mpitie tofauti pamoja. Asilimia 20 ya bajeti ikiwa imetumika wakati nusu ya muda imepita, hiyo ni habari ya msimu wa kupanda miti uliopitwa, na inapaswa kujulikana leo.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Nina diploma ya uhasibu na miaka michache kwenye SACCOS. Bila CPA, cheti cha uhasibu cha kitaaluma, nitapokelewa?

Marahaba. Kwa nafasi ya mhasibu msaidizi, ndiyo, na SACCOS imekuzoesha fedha za watu. Kwa mkuu wa fedha, mashirika mengi yatadai CPA(T) ya NBAA, bodi ya wahasibu ya Tanzania. Anza mitihani ukiwa kazini, na utafute nafasi ofisi ya kanda: huko utagusa kila kitu, kuanzia manunuzi hadi ghala.

Kaka, mfadhili akisitisha ghafla tunafanyaje? Sisi Januari 2025 tulipata barua ya kusimamisha kazi ndani ya siku moja.

Poleni. Usitishaji ule wa misaada ya Marekani uliwakuta wengi, na waliokuwa wakitumia kwanza kisha kudai ndio walioumia zaidi. Barua ikifika: simamisha manunuzi mapya siku hiyo hiyo, orodhesha madeni yote kwa tarehe ya barua, na dai kila kilichotumika kabla yake. Wafanyakazi wana haki zao. Ukipunguza watu Tanzania, aliyemaliza miezi 12 anastahili kiinua mgongo cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka, hadi miaka kumi. Kiasi hicho kitengewe kidogo kidogo kila mwezi katika bajeti ya kila mradi. Na mfadhili mmoja akizidi nusu ya mapato yenu, bodi iambiwe kwa tarakimu.

Kijiji chetu kinaanza kuuza kaboni (hati za hewa ukaa inayohifadhiwa na msitu) na shirika letu ndilo linalopokea fedha. Ni mapato yetu?

Kama mkataba unasema mnapokea kwa niaba ya kijiji, hapana, dada. Ni deni mnalodaiwa na kijiji mpaka likabidhiwe. Mapato yenu ni ile ada tu mliyokubaliana. Angalieni mradi wa Mikoko Pamoja pale Gazi, Kwale, Kenya: hekta 117 za mikoko, mauzo ya takribani tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, na jamii yenyewe ndiyo inayokaa kuamua hela iende kwenye maji, vitabu vya shule au kazi nyingine. Kwa Tanzania soma kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, na uwasiliane na kituo cha taifa cha kaboni kilichopo SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Hesabu zibandikwe kwenye mbao za matangazo za kijiji, kwa shilingi na kwa Kiswahili.

Mkurugenzi wetu ni mwanabiolojia, haelewi kwa nini namchelewesha. Nimwambieje?

Usimwambie sera. Mpe ukurasa mmoja kila mwezi: kila mradi umebakiza kiasi gani, miezi mingapi, na nini kitagomewa na mkaguzi. Mtu anayehesabu sokwe kwa viota hatashindwa kusoma jedwali.

Nimeitwa usaili wiki ijayo. Niulize nini wakinipa nafasi ya kuuliza?

Omba kuiona barua ya mwisho ya mkaguzi kwa menejimenti, kisha uliza hoja zipi zimejirudia kutoka mwaka uliotangulia. Wakisita kuionyesha, uliza basi nafasi hiyo iko wazi tangu lini na wangapi wameishika kabla yako.