Jinsi ya kusafisha na kupaka oili cheni ya pikipiki, hasa kwa sisi wa boda na barabara za vumbi

Wakuu, nimeona niandike hii kitu kwa kirefu maana kila wiki hapa gereji naletewa pikipiki ambayo cheni imekufa kabla ya wakati wake na mwenyewe anaapa kabisa kwamba oili alikuwa anapaka kila siku. Na kweli alikuwa anapaka, shida ni kwamba alikuwa anapaka juu ya mchanga. Mi nipo Dodoma, nimeendesha boda miaka 6 kabla sijatulia kushika spana, na huku kwetu kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 11 mvua hakuna, ni vumbi tu, ukiiacha lami ukaingia njia za vijijini huko Chamwino au Bahi pikipiki inarudi imebadilika rangi. Lile vumbi likikutana na oili kwenye cheni linakuwa msasa, na huo msasa unakula chuma kila tairi linapozunguka.

Kwanza tuelewane cheni inakufaje. Watu wanasema cheni imevutika, lakini chuma chenyewe hakivutiki. Kila kiungo kina pini, pini imeingia ndani ya bushi, na juu ya bushi kuna rola ndio inayokaa kwenye meno ya sproketi (yale magurudumu ya meno, dogo la mbele kwenye injini na kubwa la nyuma kwenye tairi). Pini na bushi zikisagana bila oili zinalika kidogo kidogo, pale penye kubana panakuwa na nafasi, sasa chukua hiyo nafasi ndogo zidisha kwa viungo zaidi ya 100 ndio unaona cheni imekuwa ndefu. Kwa hiyo oili inayotakiwa ni ya huko ndani kwenye pini, ile inayong'aa kwa nje haisaidii kitu zaidi ya kuzuia kutu na kukusanya vumbi. Ukilishika hili hatua zote huko chini utaona zina maana.

Vitu vya kuandaa ni vya kawaida tu. Mafuta ya taa kama nusu lita (ukikosa, dizeli inafaa), brashi ngumu ya kufulia na mswaki wa zamani, matambara makavu ya kutosha, dumu la lita 5 ulilolikata ubavuni la kukingia uchafu, na oili ya gia namba 90. Na hapa ndio siri yangu, bomba la sindano la cc 10 kutoka duka la dawa, bila ile sindano yenyewe. Petroli usitumie, inakausha kila kitu na moto wake ni wa ghafla, hasa kama unafanyia nyumbani na kuna jiko la mkaa karibu. Kama pikipiki yako ni zile kubwa ambazo cheni ina viringi vya mpira pembeni ya kila kiungo ndio kabisa, petroli na brashi ya waya vinaviharibu hivyo viringi, na vikishaharibika grisi iliyofungiwa kiwandani inatoka na cheni imekwisha.

Hatua ya 1. Fanya jioni ukishafunga kazi. Cheni iliyotoka barabarani ina joto kidogo, uchafu unatoka kirahisi na oili inapenya vizuri, halafu ina usiku mzima wa kutulia. Ukipaka asubuhi na kuondoka hapo hapo nusu ya oili inarukia kwenye rimu na mgongo wa abiria.

Hatua ya 2. Simamisha kwenye stendi kubwa sehemu iliyo sawa, weka nyutro, zima na TOA FUNGUO. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu kuna watu wanawasha injini wanaweka gia ya kwanza ili cheni ijizungushe huku wameshika tambara, nimemwona kwa macho yangu kijana akipoteza vidole viwili kwa mtindo huo, tambara lilivutwa na mkono ukafuata, haikuchukua hata sekunde. Tairi zungusha kwa mkono, tena kinyumenyume, mwisho wa habari.

Kama ina kava iliyofunika cheni pande zote, ifungue yote. Najua ni bolti 4 au 5 na zingine zina kutu, ila kupaka oili kupitia kile kitundu cha kizibo cha mpira bila kuona ndani ni kubahatisha.

Hatua ya 3 ndio kazi yenyewe. Weka dumu chini ya cheni, chovya brashi kwenye mafuta ya taa, anza kusugua upande wa chini wa cheni, nje, ndani, kulia, kushoto, ukimaliza kipande unazungusha tairi unaendelea. Weka alama ya chaki kwenye kiungo kimoja ujue umeanzia wapi. Mara ya kwanza utatoka uji mweusi, usiridhike, rudia mpaka uone pleti za chuma (vile vibati vya pembeni mwa kila kiungo) na rola zinazunguka zenyewe ukizigusa kwa kidole. Mswaki ni wa kuingia kati ya pleti. Sproketi kubwa isugue pia katikati ya meno, na ukiweza fungua kile kikava cha sproketi ndogo, humo utakuta donge la matope na oili limekauka, mengine nayatoa kwa bisibisi. Watu wengi hawajawahi kufungua hapo tangu wanunue chombo na ndipo uchafu unaporudia kwenye cheni safi.

Angalia mafuta yasifike kwenye tairi, na kama breki ya nyuma ni ya disk ifunike kwa mfuko, disk yenye mafuta haishiki kabisa.

Hatua ya 4, futa kwa tambara kavu mpaka tambara litoke karibu safi, kisha iache ikauke dakika 20 hivi. Usiruke hii maana mafuta ya taa yaliyobaki ndani yanaipunguza nguvu oili utakayoweka. Yale machafu ya kwenye dumu usimwage chini, yaweke kwenye chupa siku mbili, uchafu unakaa chini na ya juu unayatumia tena.

Cheni ikiwa safi ndio wakati wa kuikagua. Ivute kwa nyuma pale katikati ya sproketi kubwa, ikiinuka mpaka unaona nusu ya jino, imekwisha. Ukitaka uhakika tumia rula, cheni ya 428 (hiyo ni namba ya saizi) ambayo ndio ipo kwenye boda nyingi kila kiungo ni milimita 12.7, kwa hiyo viungo 20 vya cheni mpya ni milimita 254, ukipima ikiwa imevutwa ukapata zaidi ya 259 badilisha, na ubadilishe pamoja na sproketi zote mbili kwa sababu meno yaliyolala upande yanaila cheni mpya kwa miezi michache. Angalia na klipu ya kiungo cha kufungia. Ule upande wa klipu uliofungika ndio unatangulia kwenye mwendo, ina maana klipu ikiwa juu upande uliofungika utazame mbele, na ule wenye mdomo wazi utazame nyuma. Mi iliwahi kunichomoka nimebeba mama na mtoto, klipu ilikuwa imefungwa kinyume na fundi mmoja, cheni ikajikunja kwenye sproketi ndogo ikapasua kasha la injini na tairi la nyuma likakaza. Mungu alisaidia tulikuwa mwendo mdogo. Tangu siku hiyo sijawahi kuachia pikipiki ya mtu bila kuitazama klipu mara mbili.

Hatua ya 5, oili. Vuta oili kwenye bomba, kaa upande wa kushoto, lenga ule mwanya kati ya pleti ya ndani na pleti ya nje, ukiwa unadondoshea kwa upande wa ndani wa cheni, yaani ule unaogusa sproketi, kwa sababu ikizunguka oili inasukumwa kutoka ndani kwenda nje, inapita kwenye pini yenyewe. Tone moja kila kiungo. Ukimaliza mzunguko rudia mwanya wa upande wa kulia, halafu mzunguko wa tatu tone katikati kwenye rola. Inatumia kama cc 15 tu, lita moja inakupeleka zaidi ya mara 60, sasa mtu akiniambia anatumia oili chafu ya injini kwa sababu ya gharama namwonyesha hii hesabu. Oili chafu ina masizi na unga wa chuma uliotoka kwenye injini, ndio umeisafisha cheni saa nzima halafu unaurudisha uchafu. Grisi nayo kwa cheni iliyo wazi hapana, haipenyi ndani, inabaki juu inashika mchanga.

Zungusha tairi kama mara 30 taratibu, acha mpaka asubuhi.

Hatua ya 6, asubuhi futa nje yote kwa tambara kavu. Ndio, ifute, ya ndani imeshaingia. Kisha pima ulegevu katikati ya sproketi mbili upande wa chini, inyanyue na kuishusha kwa kidole, boda nyingi zinataka kati ya milimita 20 na 30, kitabu au stika ya pikipiki yako itakwambia. Zungusha tairi utafute sehemu iliyokaza zaidi upimie hapo. Ukirekebisha, legeza nati ya ekseli, kaza adjasta zote mbili (zile skrubu za kuvuta ekseli nyuma) sawasawa ukifuata mistari ya pande zote, na ukishafunga angalia pedali ya breki maana ya drum inabadilika tairi likisogea. Usiikaze sana kwa kuogopa kelele, ukipakia gunia mbili za mkaa nyuma ya pikipiki inashuka na cheni inakaza zaidi, hapo ndio beringi za nyuma na za gia boksi zinakufa.

Kuhusu mara ngapi, oili kila kilomita 500, kwa boda anayetembea kilomita 100 kwa siku ni kila siku ya tano. Kusafisha kwa mafuta ya taa kila wiki 3 kiangazi. Masika ni tofauti, ukipita kwenye maji au ukioshewa kwa mashine ya presha ile oili imeondoka, futa ukaushe upake jioni hiyo hiyo, na mwambie anayeosha asielekeze bomba kwenye cheni kwa karibu.