Kula cha Jioni Katika Nyumba ya Kale, Lamu

Nyumba za kale za Lamu zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, kwa kawaida usiofika mita 3, ndiyo maana mkahawa ulio ndani ya nyumba hizi huwa na meza chache. Piga simu siku moja kabla, na mapema zaidi wakati wa Maulidi na mwezi wa Desemba.

Chagua pa kukaa papo hapo kwenye simu. Kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani ya nyumba, ni wazi juu na pametulia. Msanani, ukumbi mrefu unaopakana na ua, pana zidaka (vishubaka vya ukutani) na nakshi za chokaa, pazuri kuliko pote, ila joto. Juu penye makuti pana upepo, lakini ngazi ni nyembamba na vipandio havilingani. Mkiwa na mzee, ombeni meza ya chini.

Kwenye simu hiyo hiyo, agiza na chakula kikuu kabisa. Samaki wa kupaka hataki haraka: huchomwa kwa makaa, akapakwa tui zito lililopikwa na ukwaju, tangawizi na pilipili, akageuzwa, akapakwa tena. Mpishi akikimbizwa, tui hubaki jepesi, likachuruzika motoni badala ya kushika ngozi. Kambakoche akizidi moto hukaza kama mpira. Mwombe mpishi amwepue mara nyama inapogeuka nyeupe. Kinywaji kinachofuatana vizuri na vyote viwili ni maji ya ukwaju. Pombe haipatikani kila mahali, basi uliza, usibebe chupa yako.

Vaa nguo ya kufunika mabega na magoti, kwani utapita mitaani mwa watu, na viatu bapa: vichochoro vina giza na punda wamepita. Ukifika dakani, kibaraza cha mlangoni, piga hodi, ngoja uitikiwe.

Usiegemeze kiti ukutani. Chokaa kuukuu hupukutika, ikakuachia weupe mgongoni, na nakshi iliyovunjika hairudi ilivyokuwa. Glasi yenye maji baridi nayo isiwekwe kidakani, unyevu hula chokaa.

Beba pesa taslimu au M-Pesa, maana mashine ya kadi hukwama mtandao ukikatika. Unayelala Shela, kijiji kilicho umbali wa kilomita 3 hivi, patana na nahodha wa mashua saa na nauli kabla hujaketi kula. Maji yakijaa, njia ya ufukweni hufunikwa sehemu nyingine.