Kuchagua jukwaa la blogu yako: anzia mlango wa kutokea

Wengi wanaoniomba niwafungulie blogu huulizia sura kwanza. Sura utaibadilisha hata kesho. Swali langu ni jingine: siku ukitaka kuhama, utatoka na maandishi yako? Jukwaa la tovuti za bure la GeoCities, la Yahoo, lilifungwa 2009, lile la blogu la Posterous 2013, na yote mawili yalikuwa na watu waliodhani wamefika.

Hatua ya 1: Pima mfuko

Jiulize utaweza kulipa nini kila mwaka, si mwezi huu tu wenye hamasa. Kama jibu ni "sina", usikodi seva (kompyuta ya kukodi inayohifadhi blogu na kuiweka hewani). Ada ikikatika, blogu huzimika. Iliyo kwenye jukwaa la bure la Blogger hubaki hewani hata usipotoa senti.

Hatua ya 2: Chuja

Blogger iko chini ya Google tangu 2003. Ni bure, na ukinunua domeni yako (anwani ya mtandaoni, mfano jinalako.com) unaiunganisha bila kuongeza hela. Kuna wanaoibeza kuwa ni ya wanaojifunza. Mpiga picha za habari wa Tanzania, Issa Michuzi, alianza blogu yake 2005, akaijenga hukohuko Blogspot (anwani za bure za Blogger), na Watanzania wa nje wakawa wanaifungua kupata habari za nyumbani.

WordPress ndiyo inayochanganya watu, maana ziko mbili. WordPress.com ni huduma ya kampuni ya Automattic: kifurushi cha bure kina matangazo yao, na domeni yako haiingii mpaka ulipie. WordPress.org inakupa programu yenyewe bure, ila seva unakodi, na kusasisha plagini (viongezeo vya programu hiyo) na kuzuia wadukuzi ni kazi yako. Kwa mtu anayetaka kuandika tu, huo ni mzigo.

Substack inamfaa anayetaka maandishi yamfikie msomaji kwenye barua pepe. Kama unawaza kutoza wasomaji, angalia kwanza kama Stripe, kampuni ya kupokea malipo mtandaoni, inahudumia nchi yako, kwa sababu malipo hupitia huko.

Ukiniuliza mimi, anayeanza bila bajeti aende Blogger.

Hatua ya 3: Jaribu kuhama kabla hujahamia

Hii wengi huiruka. Fungua blogu ya majaribio, andika machapisho mawili yenye picha, kisha ingia kwenye mipangilio utafute sehemu ya kupakua nakala. Kwenye Blogger utapata faili la nakala ya blogu. Lipandishe WordPress.com uone kinachofika. Kumbuka kuwa faili hilo hubeba maandishi na maoni. Picha zimo kama viungo tu. Kwa hiyo picha halisi zitunze kwenye kompyuta au diski yako.

Hatua ya 4: Domeni iwe kwa jina lako

Iwe .com, .co.tz au .co.ke, isajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, hata kama fundi ndiye anayeshughulikia. Nimeona watu wakibembeleza anwani zao wenyewe kwa fundi aliyezima simu. Ukiwa na domeni, unaweza kubadili jukwaa na wasomaji wasipotee.

Hatua ya 5: Kwa walio Tanzania

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu awe na leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), ada ikiwa shilingi 1,000,000 kwa mwaka. Zimebadilishwa tangu hapo, na wengi bado wananukuu zile za zamani vijiweni. Soma zinazotumika sasa kwenye tovuti ya TCRA kabla hujalipia domeni.